Tiki Isiyo Yake

Tulimwacha Bi Ujumbe kaganda kitini, vidole juu ya kibodi, macho kwa mtu aliyesimama mbele ya meza yake. Leo tumtoe hapo, maana mtu huyo hakuja kusalimia.

Alikuwa shemeji yake, Mpima Ardhi. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, sauti ya chini kama ya mtu aliye msibani. Wasiomjua humwita muungwana. Mkewe alimjua vizuri zaidi. Mke huyo ndiye mdogo wake Bi Ujumbe, na kwao wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Alitoroka na mtoto mgongoni, mkono mmoja umefungwa bandeji, na kwa haraka ya kukimbia aliacha hata simu yake kitandani.

Simu hiyo sasa ilikuwa juu ya meza ya Bi Ujumbe.

“Soma, shemeji,” Mpima Ardhi akasema.

*Mpendwa mteja, asante kwa kutembelea duka letu la dawa. Afya yako ni furaha yetu. Karibu tena!*

Bi Ujumbe hakuhitaji kusoma. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe. Kampuni yao ilikuwa ikiwatumia watu ujumbe wa matangazo kwa niaba ya maduka, saluni, maduka ya dawa na yeyote mwenye kitu cha kuuza, na hakuna aliyejua kumbembeleza mteja kwa mistari mitatu kama yeye. Jina la Bi Ujumbe alilipata humo humo ofisini, na alilipenda.

“Mke wangu hajulikani alipo,” Mpima Ardhi akaendelea, “lakini duka la dawa linamshukuru kwa kulitembelea. Nikashuka chini ya ujumbe nikakuta jina la kampuni. Nikasema, kumbe tuna ndugu humu.”

“Tunatumia maelfu ya watu, shemeji. Huenda ni makosa.”

“Makosa hayamshukuru mtu. Duka hilo lina matawi mengi. Niambie alikwenda tawi gani.”

“Sijui.”

“Hujui, au hutaki?”

“Hata ningejua nisingekwambia!”

Sauti ilimponyoka. Wenzake wakavua visikizi masikioni na kugeuka. Mpima Ardhi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Bi Ujumbe. Aliichukua simu, akaifuta kioo kwa leso, akaitia mfukoni.

“Basi. Nitasubiri ujumbe mwingine. Nyinyi hamchoki kutuma.”

Akaondoka taratibu. Akamuaga hata mlinzi pale mlangoni.

 Bi Ujumbe alielewa mara moja kilichotokea. Ukifika kwenye duka lile, keshia anakuuliza, “Namba ya simu?” kabla hata hujataja ugonjwa wako. Unaitaja. Nani anauliza ya nini? Kitinda ana laini mpya, lakini ile ya zamani aliitumia tangu usichana wake, na mdomo uliitaja kabla kichwa hakijawahi kuukataza.

Na baada ya namba kuna kisanduku. *Nakubali kupokea matangazo na taarifa.* Kisanduku hicho hufunguka kikiwa na tiki tayari. Asiyetaka anapaswa kusema hataki. Atasemaje? Skrini inamtazama keshia, mteja anatazama mgongo wa skrini.

Mnataka kujua nani aliyebuni ufundi huo? Bi Ujumbe huyu huyu. Zamani kisanduku kilikuwa kitupu, na wateja waliokubali walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Yeye akasimama kikaoni akasema, “Tuweke tiki sisi. Asiyekataa amekubali.” Wakamcheka, wakampigia makofi, wakampa chupa ya chai ya zawadi. Chupa hiyo anaitumia mpaka leo.

Aliufungua ukurasa wa mteja kwenye kompyuta. Akaitafuta ile namba. Ilikuwepo, na chini yake kulikuwa na ujumbe mwingine unaosubiri kuondoka saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo.

*Mpendwa mteja, dawa ya pumu ya mtoto wako imefika. Ichukue leo tawi la Sokoni.*

 Mahali pametajwa, siku imetajwa, na atakayekuja kuchukua anajulikana. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita nane na nusu.

Akapiga laini mpya ya Kitinda. Haipatikani. Kitinda alikuwa akiiwasha simu pale tu anapokuwa na haja, kwa hofu ya kufuatiliwa. Akapiga tena. Haipatikani.

Akaenda ofisini kwa Meneja bila kubisha hodi.

“Bosi, namba moja tu. Naomba uiondoe sasa hivi.”

Meneja alikuwa anakula karanga. “Mwenyewe atume neno ONDOA, itatoka. Utaratibu unaujua.”

“Simu haiko kwake.”

“Iko kwa nani?”

“Kwa mumewe. Alimvunja mkono. Anamtafuta ammalize.”

Meneja aliacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea. “Mambo ya mke na mume hayo, mimi siyawezi. Na kwetu sisi, mwenye simu ndiye mteja. Huyo mume amelalamika? Hajalalamika. Ameridhika na huduma.”

“Mdogo wangu hakukubali kutumiwa chochote!”

“Kuna tiki.”

“Si yake!”

“Ni ya nani?”

 Meneja akafuta vidole kwa karatasi, akamtazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto aliyejikwaa.

“Wewe ndiye uliyetufundisha, au nimesahau? Miaka yote hii hukuona tatizo. Leo limegusa kwenu ndiyo limekuwa dhambi.”

“Ni dhambi tangu mwanzo!” Bi Ujumbe alisema, na machozi yalikuwa yameshamfika. “Mtu kukubali ni aulizwe, aelewe anachoulizwa, kisha aseme ndiyo kwa kinywa chake. Na akisema ndiyo kwa hili, haijawa ndiyo kwa lile. Hatukumuuliza mtu hata mmoja, bosi. Hata mmoja!”

“Vizuri. Kaandike kwenye ripoti yako ya mwezi.”

“Simamisha angalau huu wa saa tisa.”

“Nikiusimamisha mmoja, mzigo wote unasimama. Kuna wagonjwa wanasubiri kuambiwa dawa zao zimefika. Na wao tuwanyime?”

Mungu anisamehe, ningekuwa mimi ningemmwagia zile karanga kichwani. Bi Ujumbe hakumwagia. Alitoka mbio akarudi kwenye meza yake, kwa kuwa alikuwa amekumbuka kitu.

Kusimamisha hakuruhusiwi. Lakini kubadili maneno ni kazi yake.

Aliufungua ule ujumbe. Akalifuta neno Sokoni. Akaandika Stendi. Tawi la Stendi lilikuwa upande wa pili wa mji. Mpima Ardhi aende huko akasubiri mpaka miguu ivimbe. Kitinda aliagiza dawa Sokoni, atakwenda Sokoni, na dada yake atakuwa pale kumpokea na kumhamisha kabla jua halijazama.

Akabonyeza. Akauona ujumbe umekaa kwenye foleni ya kutumwa, ukiwa na maneno mapya. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alivuta pumzi ikashuka mpaka tumboni.

Mkoba begani, ngazi chini, pikipiki ya kwanza aliyoiona. “Sokoni! Kimbiza!”

“Kofia, dada.”

“Nipe huko huko mbele!”

Wakati pikipiki inapenya katikati ya magari, jambo moja lilimjia akilini, na hakulipenda. Siku Mpima Ardhi alipokuja kuposa, Kitinda aliitwa sebuleni. Akaulizwa kama yuko radhi. Aliinamisha uso, akavitazama vidole vyake, hakusema kitu. Watu wakasubiri mpaka kimya kikaanza kuwa kizito.

“Anaona haya,” Bi Ujumbe akasema mbele ya wote. “Amekubali.”

Kila mtu alifurahi. Baadaye, wakiwa wawili jikoni, Kitinda alimuuliza, “Dada, mbona umenijibia?” Naye akamjibu, “Utakuja kunishukuru.”

Aibu ilimpanda Bi Ujumbe juu ya pikipiki hiyo mpaka akasikia masikio yanamuwaka. Alijiapiza kwamba leo akimpata mdogo wake hatamwamulia kitu. Atamuuliza, atasubiri jibu hata likichelewa.

Tawi la Sokoni lilikuwa duka dogo lenye milango ya vioo na benchi moja la kusubiria. Kwenye benchi alikaa mzee aliyefungwa plasta mguuni, na mwanamke mwenye mapacha. Kitinda hakuwepo.

Bi Ujumbe akaivamia kaunta. “Mama mmoja mwembamba, ana mtoto wa kiume mwenye pumu, mkono wake mmoja bado haunyooki vizuri. Amefika?”

Keshia, msichana mwenye kucha nyekundu, alitabasamu. “Huyo namfahamu. Alikuja asubuhi, dawa ikawa bado. Nikamwambia arudi, ikifika atapata ujumbe.”

“Basi atakuja sasa hivi.”

“Hapana, dada, si huku tena. Amenipigia muda si mrefu, anashangaa ujumbe unamwambia aende Stendi. Nikamwambia labda wameihamishia huko, afuate ujumbe unavyosema. Wakubwa huwa wanabadilisha mambo bila kutuambia.”

Bi Ujumbe aliishika kaunta kwa mikono miwili.

“Ameupataje ujumbe? Namba mliyo nayo si yake tena!”

“Si ndiyo aliyokuja kusahihisha asubuhi? Akasema ile ya mwanzo alikosea kuitaja, akanipa mpya. Aliniomba sana, masikini. Akasema, ‘Mnitumie kwenye hii tu, na iwe habari ya dawa tu.’ Nikamwekea.”

“Na ile ya zamani ukaifuta?”

Keshia akamshangaa. “Kufuta? Mfumo haufuti, dada. Unaongeza tu. Ndivyo ulivyotengenezwa, ukijaribu kufuta unakuandikia nyekundu. Sasa mteja ana namba mbili, ujumbe unakwenda kote kote.”

Namba ya pili hukaa chini kabisa ya ukurasa. Bi Ujumbe alijua hilo kuliko mtu yeyote katika mji ule. Hakushuka chini kwa sababu alikuwa na haraka ya kuokoa. Katika maelfu ya ujumbe aliowahi kuwatumia watu ambao hawakuuomba, huu ulikuwa umeombwa kwelikweli. Kitinda aliulizwa, akaelewa, akasema ndiyo kwa kinywa chake, akausubiri na simu aliyoiwasha kwa ajili yake. Na ndio huu alioutia uongo.

“Dawa iko wapi?” aliuliza.

“Hii hapa, haijaenda popote. Alishailipia.”

Bi Ujumbe akainyakua. Kwa mkono mwingine alikuwa tayari anapiga simu. Safari hii ilipatikana, lakini ilikuwa inatumika. Akakata. Kabla hajapiga tena, ikaita yenyewe mkononi mwake.

“Dada!” Alikuwa Kitinda. “Naona umenitafuta.”

“Uko wapi?”

“Niko Stendi, kwenye duka la dawa. Wamenizungusha, nilikuwa nawapigia wale wa huduma kwa wateja. Hapa wanasema dawa haipo, hawajui habari zake. Na mtoto kifua kimembana, dada. Hebu msikilize.”

Akamsogezea mtoto simu. Bi Ujumbe akasikia pumzi nyembamba yenye mluzi, ikiingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi.

“Kitinda, toka hapo. Sasa hivi. Usiulize. Mumeo anakuja hapo.”

“Nani kamwambia?”

Kuna maswali ambayo mtu angetoa mkono wake wa kulia asiyajibu. Hilo Bi Ujumbe alilijibu.

“Mimi. Nilitaka kumpoteza njia, nikakupoteza wewe. Toka, mdogo wangu, nakuomba!”

 Sauti ya Kitinda ikashuka ikawa ya kunong'ona.

“Nimeshamwona. Anavuka barabara.”

“Pitia nyuma!”

Hakujibiwa. Alisikia kandambili zikikimbia juu ya sakafu. Akasikia kitu kizito kikiburutwa. Akamsikia Kitinda, karibu na simu lakini si kwa ajili yake, “Nyamaza, baba. Kaa hapo hapo, mwanangu, mama anakuja.” Ule mluzi wa pumzi ukasikika mara ya mwisho, kisha mlango mdogo, kama wa kabati, ukafungwa. Kandambili zikarudi zilikotoka.

Halafu vikaja viatu, taratibu.

“Nipe hiyo simu,” sauti ya chini ilisema. Akaiweka sikioni. “Habari za alasiri, shemeji. Ujumbe wenu umefika vizuri sana.”

“Mwache! Ukimgusa naita polisi!”

“Waite. Watamkuta mke na mume wanakwenda kwao. Mke mwenyewe amekubali. Au nasema uongo? Hebu zungumza na dada yako.”

Simu ikabadilishwa mkono. Watu wa duka walikuwa wapi? Walikuwepo. Waliona mwanamume nadhifu akizungumza na mkewe kwa upole, wakaendelea na kazi zao.

“Nimekubali, dada,” Kitinda akasema. “Narudi nyumbani. Kwa hiari yangu.”

Alitamka neno moja moja, kama anayesomeshwa. Bi Ujumbe aliitaka sauti yake mwenyewe isimtoke kwa kilio, ikamtoka. Ile ‘ndiyo’ aliisikia kwa masikio yake, imesemwa kwa kinywa cha mwenyewe, na haikuwa na chembe ya Kitinda ndani yake.

“Na mtoto?” Mpima Ardhi aliuliza kwa karibu. “Mtoto wangu yuko wapi?”

“Yuko kwa dada tangu asubuhi,” Kitinda akajibu haraka. “Si ndiyo, dada? Amelala? Kifua kimepungua?”

Bi Ujumbe alikitazama kipakiti cha dawa kilichokuwa mkononi mwake. Akaelewa. Kitinda alikuwa amepata dakika moja ya kuokoa mtu mmoja, na hakujichagua.

“Ndiyo,” akasema. “Yuko hapa. Amelala.”

“Basi tutampitia kesho,” Mpima Ardhi akasema.

“Mpe dawa yake, dada,” Kitinda akasema, na sasa sauti yake ilikuwa yake kabisa. “Usichelewe. Ukichelewa haku—”

Simu ikakatika.

“Pigia Stendi!” Bi Ujumbe alimfokea keshia. “Pigia wenzako wa Stendi, waambie kuna mtoto humo ndani, hawezi kupumua!”

Keshia akapiga. Akaeleza. Akasubiri huku wenzake wakitafuta. Mzee wa plasta na mama wa mapacha walikuwa wamesimama. Nje foleni ya jioni ilikuwa imeanza kufunga barabara, na honi zilikuwa zinalia mpaka mwisho wa mtaa.

Hatimaye keshia akakiweka kipokezi kifuani.

“Wanasema mama ameondoka na mwanamume, wawili tu, kwenye gari nyeupe. Wamepekua nyuma ya kaunta, wamepekua stoo, wamepekua mpaka chooni.” “Dada, hakuna mtoto.”